Nipe Korido Tupu, Mzuka Baki Nao

Kuna dakika ninayoisubiri katika kila filamu ya nyumba yenye mizuka, na mara nyingi mzuka wenyewe haumo. Mhusika amekwisha kupita. Amepanda ngazi, hatua zake zimefifia, na kwa mazoea ya sinema kamera ilitakiwa imfuate. Haimfuati. Inabaki palepale ikitazama korido isiyo na mtu, taa moja ukutani, mlango wa mwisho umeachwa wazi kidogo. Sekunde zinakwenda. Hapo mimi husogea mbele kwenye kiti nikaanza kuikagua picha kona kwa kona. Kile ni kivuli cha kabati au ni nini? Ule mlango ulikuwa wazi kiasi hicho tangu mwanzo? Hakuna aliyenituma. Filamu imenyamaza tu, nami nimejipa kazi.

Wapo wanaosema filamu za namna hii zinachosha kwa sababu hakuna kinachotokea. Siwezi kuwabishia sana. Kwa saa nzima ya kwanza kinachotokea ni mlango kujifunga, mtoto kuongea na mtu asiyeonekana, na baba kusema ni upepo. Daima ni upepo. Sijui kama kuna kitu kilichosingiziwa katika historia ya sinema kama upepo. Lakini kwangu mimi saa hiyo ndiyo filamu yenyewe, na zile dakika za mwisho za kukimbizana na kuvunja vioo nazivumilia tu.

Ukitaka kuona kazi hii ikifanywa na fundi, tafuta The Haunting ya mwaka 1963. Mwongozaji ni Robert Wise, hadithi inatoka kwenye riwaya ya Shirley Jackson iliyochapishwa mwaka 1959, na picha ni nyeusi na nyeupe. Wise alianzia chumba cha uhariri. Ndiye aliyehariri Citizen Kane ya mwaka 1941. Kisha akaongoza filamu chini ya Val Lewton, mtayarishaji wa studio ya RKO ambaye katika miaka ya 1940 alipewa fedha kiduchu atengeneze filamu za kutisha, akagundua kwamba giza halidai malipo. Kivuli ukutani na sauti ya kitu usichokiona vilimtosha Lewton, na Wise alilishika somo hilo.

Usiku mmoja katika filamu hiyo, mhusika mkuu, Eleanor, amelala gizani akasikia mtu ananung'unika ng'ambo ya ukuta. Maneno hayasikiki vizuri. Kisha mtoto analia. Kamera inaukazia macho ukuta wenye nakshi za majani na mikunjo, haitoki hapo, na kadiri inavyokaa ndivyo unavyoanza kuona jicho mahali palipokuwa na jani, na mdomo mahali palipokuwa na mkunjo. Eleanor amemshika mkono mwenzake, Theo, na mkono huo unambana mpaka unamuumiza. Anapopiga kelele taa inawaka, na Theo yuko upande wa pili wa chumba, ndiyo kwanza anainuka. Eleanor anautazama mkono wake mwenyewe na kuuliza alikuwa ameshika mkono wa nani.

Basi. Hakuna jibu, na hakuna kiumbe kinachojitokeza. Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi nikitafuta ujanja ulipo, na kila nikiirudia najikuta nimebanwa na ule ukuta tena, kwa sababu aliyeweka uso pale karibu wote ni mimi.

Baadaye kidogo mlango mkubwa wa mbao unavimba kuelekea ndani, polepole, kama vile nyumba inavuta pumzi, kisha unarudi mahali pake. Siri yake ni ya kuchekesha: mlango uliundwa kwa mbao nyembamba zilizogandishwa tabaka juu ya tabaka, na nyuma yake palikuwa na mfanyakazi mwenye nguvu anausukuma. Kuhusu lenzi ndiyo kuna kisa kizuri zaidi. Wise aliitaka kutoka Panavision lenzi pana ya milimita 30 ambayo kampuni ilikuwa bado haijaikamilisha kwa sababu inapindisha picha. Akapewa, ila kwa sharti atie saini kwamba anajua ina kasoro. Kasoro ndiyo aliyokuwa anaitafuta. Kuta za nyumba ile zinaegemea kidogo mahali zisipopaswa kuegemea, na wewe unayetazama huwezi kusema ni wapi hasa pana tatizo.

Mwaka 1999 riwaya hiyohiyo ikatengenezewa filamu nyingine, safari hii kwa bajeti ya takriban dola milioni 80 na kompyuta za kutosha. Vichwa vya sanamu vinageuka, kitanda kinamkamata mtu, bwana wa nyumba anajitokeza mzimamzima mkubwa kuliko mlango. Sikuogopa hata chembe. Kila kitu nilichopaswa kukitafuta nilikuwa nimeshaletewa mbele ya macho, sasa nitafute nini tena?

Kwa haki yao, waonyeshaji wa kelele nao wana historia yao, na wakati mwingine ni ya kufurahisha. Mwaka 1959 William Castle alipotoa House on Haunted Hill, kwenye baadhi ya kumbi kiunzi cha mifupa cha plastiki kilipitishwa kwenye waya juu ya vichwa vya watazamaji. Watoto wakakigeuza shabaha ya kurushia vitu. Ningependa sana kuwapo. Ila hiyo ni starehe nyingine, ya kupiga mayowe pamoja na kucheka, na anayeitafuta hiyo asije akanilaumu mimi kwa kumwelekeza kwenye korido tupu.

Nyumba nzuri ya kutisha, mtazamaji huijifunza kwanza. Angalia jinsi karibu kila filamu ya aina hii inavyoanza kwa kutembezwa: hapa jikoni, hapa sebule, ngazi hizi zinakwenda ghala la chini, chumba hiki hakitumiki. Wengi huona huo ni utangulizi wa kupoteza muda. Kumbe tunapewa ramani. Nusu saa baadaye, mwanga ukizimika na mtu akakimbia, tunajua kwamba amekimbilia upande usio na mlango wa nje, na hakuna aliyehitaji kutuambia.

Katika The Others, filamu ya Alejandro Amenábar ya mwaka 2001, ramani hiyo imefungwa kwa kanuni moja tu. Ni mwaka 1945 kwenye kisiwa cha Jersey, na watoto wa Grace wana ugonjwa usiowaruhusu kupigwa na mwanga wa jua. Kwa hiyo mapazia yanafungwa, na hakuna mlango unaofunguliwa kabla ule wa nyuma haujafungwa kwa ufunguo. Nicole Kidman, anayemwigiza Grace, anatembea filamu nzima na shada la funguo mkononi. Sasa fikiria: mama huyo, aliyefunga kila mlango kwa mkono wake, anasikia piano inapigwa ndani ya chumba alichokifunga mwenyewe. Hakuna damu, hakuna kelele, ni piano tu. Lakini kwa sababu tumeishi na kanuni ya funguo kwa muda mrefu, noti hizo chache zinatisha kuliko maiti kumi.

The Shining ya Stanley Kubrick, mwaka 1980, inakwenda mbele zaidi: inakupa ramani ya uongo. Ni hoteli, najua, lakini familia moja ikiachwa peke yake ndani ya hoteli majira yote ya baridi, hiyo ni nyumba. Watazamaji wamelionyesha dirisha la ofisi ya meneja linaloingiza mwanga wa nje ilhali nyuma ya ukuta ule kuna korido. Mara ya kwanza hulioni. Ninachoamini ni kwamba mwili unaliona, unakaa na wasiwasi usio na jina. Na kuna ile baiskeli ya magurudumu matatu ya Danny, mtoto wa familia hiyo. Kamera ya Steadicam, ile inayobebwa na mtu bila picha kutikisika, inamfuata kwa nyuma, chini kabisa, usawa wa magurudumu. Akipita kwenye mbao, magurudumu yananguruma. Akipanda juu ya zulia, kimya. Mbao, zulia, mbao, zulia. Baada ya kona chache unagundua kwamba masikio yako yanasubiri ngurumo irudi, na kila kimya kinaonekana kirefu kuliko kilichotangulia. Hakuna muziki wa kushtua ungeweza kukukaza misuli namna ile.

Jack Clayton naye, katika The Innocents ya mwaka 1961, alikuwa na tatizo lake: studio ilimtaka atumie CinemaScope, picha pana mno kwa hadithi ya mwalimu mmoja na watoto wawili. Mpigapicha wake, Freddie Francis, akapaka rangi kingo za vichujio vya lenzi ili pande za picha zimezwe na giza. Matokeo yake kila fremu ina pembe mbili za kutiliwa shaka. Halafu, baada ya kukuzoesha kuogopa pembe zenye giza, filamu inamweka mwanamke aliyevaa nguo nyeusi katikati ya matete, ng'ambo ya ziwa, mchana kweupe. Amesimama tu. Yuko mbali. Ndiye mzuka ninayemwogopa kuliko wote, na hafanyi lolote.

Naona hapa ndipo niseme ninachokiamini hasa. Mvuto wa filamu hizi uko kwenye umakini wanaokulazimisha kuwa nao waliozitengeneza. Katika maisha ya kawaida hakuna anayeutazama mlango. Tunapita milangoni siku nzima bila kujua rangi yake. Ukikaa saa moja na nusu na filamu nzuri ya nyumba yenye mizuka unatazama mlango, unasikiliza mbao, unajua taa ipi inawaka na ipi imezima. Hofu ni mshahara wa kuangalia kwa makini, na ndiyo maana haiwezi kuletwa kwa nguvu. Lazima mtazamaji aifanyie kazi.

Sayansi nayo ina visa vyake hapa. Mwaka 1998 mhandisi wa Uingereza, Vic Tandy, alichapisha maelezo ya maabara aliyokuwa akifanya kazi, ambako watu walihisi baridi na huzuni, na yeye mwenyewe akaona kwa pembe ya jicho umbo la kijivu ambalo alipoligeukia lilitoweka. Kesho yake alikuja na upanga wake wa michezo kuurekebisha, akaubana kwenye jiliwa, na ncha yake ikaanza kutetemeka yenyewe. Alipochunguza akakuta feni ya kutoa hewa inazalisha mawimbi ya sauti ya takriban hezi 19, chini ya kiwango ambacho sikio la binadamu linasikia. Feni iliporekebishwa, mzuka ukaisha. Kisa hicho kinapendwa sana na mimi nakipenda, ila kuna kingine kinachonigusa zaidi. Watafiti wa London walijenga chumba kitupu cha mviringo, chenye mwanga hafifu, wakaweka mitambo iliyofichwa ya sauti hizo za chini pamoja na nguvu za sumaku, kisha wakaingiza watu 79, mmoja mmoja, wakiwa wamewaambia mapema kwamba huenda wakahisi mambo yasiyo ya kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Wengi walihisi kitu, wengine walihisi kuna mtu mwingine chumbani. Lakini kuwashwa au kuzimwa kwa mitambo hakukuleta tofauti. Walikuwa wameambiwa wakae macho, wakaingia chumba kitupu, na chumba kikajaa.

Mtu akiniambia hiyo inaharibu raha, simwelewi. Hiyo ndiyo raha!

Sasa nije kwenye swali la dada yangu. Kila nikitazama naye, mlango wa kwanza ukijifunga tu, anauliza: "Kwani hawa hawawezi kuhama?" Zamani nilimjibu kwamba wakihama filamu imeisha. Sikuhizi namwona ameshika mahali penyewe. Filamu dhaifu hulikwepa swali hilo. Filamu nzuri hulijibu, na jibu lake ndilo huwa kiini cha hadithi.

Ni swali la kale kuliko sinema. Pliny Mdogo, Mrumi, aliandika katika barua moja juu ya nyumba kubwa ya Athens ambamo usiku ulisikika mlio wa minyororo, na mzee mwenye ndevu chafu akajitokeza. Wakazi walikosa usingizi, wakaugua, nyumba ikabaki tupu. Ikatangazwa iuzwe au ipangishwe, labda atapatikana asiyejua. Akaja mwanafalsafa Athenodorus, akaona bei, akashuku. Akauliza, akaelezwa yote, akaipanga palepale. Usiku akakaa na taa na vibao vyake vya kuandikia. Mzuka ukaja ukampungia amfuate, naye akauonyesha ishara ya mkono: subiri kidogo. Akaendelea kuandika. Mzuka ukaanza kutikisa minyororo juu ya kichwa chake. Mwishowe akachukua taa akaufuata hadi uani, ambako ulitoweka. Kesho yake pakachimbwa, ikapatikana mifupa iliyofungwa minyororo, ikazikwa kwa heshima, na nyumba ikatulia. Karibu kila kitu cha aina hii ya hadithi kimo humo, kuanzia bei ya chini inayotia shaka. Ila huyo mtu wa kuuambia mzuka usubiri amalize sentensi, sijamwona tena popote, na ninamhitaji.

Bei, basi. Watu wa filamu hizi wanabaki kwa sababu ya fedha kuliko kwa sababu ya ujinga: akiba yote imeishia kwenye nyumba ile. Au wanabaki kwa sababu ya msiba. Katika The Changeling ya mwaka 1980, George C. Scott ni mtunzi wa muziki aliyefiwa na mke na binti katika ajali moja, akapanga jumba kubwa mno kwa mtu mmoja. Mpira mdogo wa marehemu binti yake unadunda kushuka ngazi, ngazi moja baada ya nyingine, mpaka miguuni pake. Anauchukua, anaendesha gari hadi darajani, anautupa mtoni. Anarudi, anafungua mlango. Mpira unashuka tena ngazi, na safari hii umelowa maji. Nani angehama hapo? Mtu wa kawaida, ndiyo. Lakini mtu aliyefiwa anaambiwa na nyumba hiyo kitu ambacho hakuna mwingine anayemwambia, kwamba waliokufa bado wanaweza kubisha hodi.

Na wapo ambao nje ni kubaya kuliko ndani. Under the Shadow ya Babak Anvari, mwaka 2016, iko Tehran wakati wa vita vya Iran na Iraq, katika miaka ya 1980. Kombora limetoboa paa la jengo lakini halijalipuka, majirani wanaondoka mmoja mmoja, na Shideh amebaki na binti yake. Usiku mmoja hofu inamshinda, anamkumbatia mtoto na kukimbilia mtaani. Doria inamkamata kwa sababu hakujifunika kichwa. Anarudishwa nyumbani, kwa kile alichokuwa anakikimbia. Dada yangu alinyamaza hapo. Na katika His House ya Remi Weekes, mwaka 2020, mume na mke waliokimbia vita Sudan Kusini wanapewa nyumba Uingereza kwa masharti. Wakiondoka bila ruhusa wanajiweka hatarini kurudishwa. Mzuka uko ukutani, afisa wa uhamiaji yuko mlangoni. Kwa filamu hizo mbili swali la kuhama linageuka kuwa jambo la kuuma kweli.

Huenda kuna wanaotaka sababu ya jumla ya kwa nini mtu mzima alipie kuogopeshwa. Ann Radcliffe, mwandishi wa riwaya za majumba yenye siri, aliligusa katika insha iliyotoka mwaka 1826, baada ya kifo chake: kuna kuogopa kunakoipanua nafsi na kuamsha hisia zake zote, na kuna kuogopa kunakoikunja na kuigandisha. Kuogopa kwa kwanza kunahitaji mashaka, kutoona vizuri. Watafiti nchini Denmark waliwafunga watu 110 vifaa vya kupima mapigo ya moyo wakawapitisha kwenye jumba la burudani la kutisha, na katika matokeo ya mwaka 2020 wakaonyesha kwamba waliofurahi zaidi ni walioogopa kwa kadiri, si kidogo, si kupita kiasi. Sihitaji maabara kuniambia hilo, lakini linaeleza kwa nini filamu ya polepole inanifaa. Ya kushtua hunirusha juu ikaniangusha, mara kumi. Ya korido tupu hunishika mahali pamoja pa katikati na kunikalisha hapo.

Lawama yangu kubwa ni maelezo. Theluthi ya mwisho ikifika, mtu anakwenda maktaba, anafungua magazeti ya zamani, anarudi na jina la marehemu, mwaka na chanzo cha kifo. Hofu inashuka palepale, kwa sababu sasa tuna faili. Najua Pliny naye alifukua mifupa, kwa hiyo ugonjwa huu una umri wa karibu miaka elfu mbili na hautapona leo.

Ambaye hajawahi kuzitazama huniuliza aanze na ipi. Paranormal Activity ya Oren Peli ingefaa kwa masomo: ilitengenezwa ndani ya nyumba yake mwenyewe kwa takriban dola 15,000, na sehemu zake bora ni kamera iliyosimama tu mbele ya kitanda, saa ikikimbia pembeni, nawe unatafuta ni kitu gani kimesogea. Lakini kwa simu yenye spika ndogo itapotea bure; ngurumo yake ya chini haitoki humo. Vaa visikilizi, au usubiri upate spika za maana, na maandishi ya tafsiri yakikuandikia "mlango unalia", yazime.

Ushauri wangu ni The Others. Itazame bila kusoma chochote juu yake. Ikiisha, irudie kesho yake, na safari hii usimtazame Kidman hata kidogo. Mtazame Bi Mills, yule mtumishi mzee, kila anapoambiwa afunge mlango.